Madam, sasa kwa nini tunakula mboga?

Najua nimekaa kimya mpaka wengine mmeanza kuuliza kama nimeolewa, hahaha. Hapana jamani, bado nipo nipo sana. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ile tunaita TP, na safari hii niliomba nipangwe nyumbani, Wanging'ombe. Sasa nimerudi chuoni hapa Mkwawa, Iringa. Boom haijaingia, mfukoni kumekauka, na mie nimekaa kitandani nasubiri maharage yaive (hosteli haturuhusiwi kupika, msimwambie mtu). Lakini nina jambo limenikaa rohoni tangu mwezi wa nane. Ngoja nilitoe.

Mnaoijua njia ya kwetu mnajua raha yake na taabu yake. Unatoka Iringa, unapita Mafinga na misitu yake, unafika Makambako upepo unakupiga makofi, abiria wa Njombe na Songea wanashika kushoto, sisi tunaendelea na barabara ya Mbeya. Mwezi wa saba huko baridi haina adabu. Nilishukia kituoni nimejifunika kitenge mpaka kichwani, bodaboda akaniuliza, "Kamwene, bibi unakwenda wapi?" Bibi! Mie na miaka yangu ishirini na mbili. Nikamwacha tu.

Shule niliyopangwa ni ya kata, nafundisha Baiolojia kidato cha pili. Mada ya lishe walikuwa wameshapita, nikapewa niirudie kwa ajili ya mtihani wao wa taifa. Nikajiandaa kama kawaida, chati nimechora kwa mkono, majani ya mnafu nimekuja nayo, parachichi ninalo, yai ninalo. Nikafundisha vitamini moja moja, A, B, C, D, mpaka K. Nilipofika K nikasema ile sentensi ambayo sote tumeikariri tangu O-level, kwamba sehemu ya vitamini K hutengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye utumbo mpana, na baadhi ya vitamini za kundi B vilevile.

Kijana mmoja wa nyuma kabisa, mpole, sweta limetoboka kiwiko, akanyoosha mkono. "Madam, naomba niulize kwa Kiswahili." Nikamruhusu. Akasema, "Kama bakteria wa tumboni wanatutengenezea vitamini, sasa kwa nini tunakula mboga?"

Darasa zima likacheka. Na mie nikacheka nao, Mungu anisamehe. Halafu nikamwangalia usoni nikaona hatanii. Anataka kujua. Nikatafuta jibu kichwani, wapi! Mwaka wa tatu wa chuo, Baiolojia nimefaulu, jibu sina. Nikafanya ile mbinu ambayo walimu wenzangu mnaijua: "Swali zuri sana. Nendeni mkalifanyie utafiti, tutalijadili kipindi kijacho." Kengele ikanisaidia.

Jumamosi nikaenda kumsalimia dada yangu, kijiji cha pili kutoka hapo. Dada ana mtoto wa kiume, wakati ule alikuwa na mwaka na miezi minane. Kwa mila zetu huyo ni mwanangu, mie ni mama yake mdogo. Nilikuwa sijamwona tangu Krismasi. Nilifika nikamkuta amekaa mlangoni na kikombe cha plastiki, nikamnyanyua... wapendwa, nilitegemea uzito, nikakuta wepesi. Sura ni ya mtoto mkubwa, macho yana akili, anasema "ma'dogo" vizuri kabisa. Lakini urefu ni wa mtoto wa mwaka mmoja. Suruali niliyomnunulia Krismasi ilikuwa bado inamtosha. Tena ya kukunja.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu. Tangu mtoto huyu ana miezi tisa, kila boom ikiingia nilikuwa namtumia dada pesa kwenye simu kwa ajili ya sirapu ya vitamini, ile ya chupa nzuri yenye picha ya mtoto ananyanyua mikono. Nilijisikia vizuri sana, msomi anasaidia nyumbani! Na kila dada akinipigia kwamba mtoto anaharisha, jibu langu lilikuwa moja: "Mnunulie antibaiotiki hapo dukani, umpe." Sikuuliza anaharisha kitu gani, siku ngapi, ana homa au hana. Dada akanionesha kiboksi chini ya kitanda. Mna vidonge nusu, kapsuli zilizobaki, chupa tatu tupu za sirapu. Alikuwa akifungua kapsuli anamimina nusu kwenye uji, nusu anaweka akiba. Alikuwa anafuata maelekezo ya mdogo wake aliye chuo kikuu. Sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikajikuta nina maswali mawili, la kijana wa sweta na la suruali ya Krismasi, na kadiri nilivyokuwa nageuka kitandani nikaanza kuona kwamba huenda ni swali moja.

Basi nikaanza kusoma. Bando lilikwisha mara mbili. Niliyoyapata nawapa kwa lugha ya nyumbani.

Kwanza, ni kweli tunaishi na bakteria wengi kupita maelezo. Watafiti waliohesabu upya mwaka 2016 wanakadiria mtu mzima wa kawaida ana bakteria kama trilioni 38, na seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Yaani ukisema "mimi", nusu ya waliosema si wewe, hahaha. Wengi wao wako utumbo mpana. Na ni kweli wanatengeneza vitamini: K ya aina ya pili, biotini, foleti, B2, B12 na nyingine za kundi hilo. Ndiyo maana mtoto mchanga hupigwa sindano ya vitamini K akizaliwa. Tumbo lake bado halina wafanyakazi wa kutosha, maziwa ya mama yana kiasi kidogo cha vitamini hiyo, na bila hiyo damu haigandi vizuri.

Pili, na hapa ndipo jibu la kijana wangu lilipo: kutengeneza ni jambo moja, kunyonya ni jambo lingine. Chukulia B12. Hakuna mmea wala mnyama duniani anayeweza kuitengeneza, ni kazi ya bakteria na viumbe wenzao wadogo tu. Lakini mwili wetu unainyonya sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ikiwa imeshikwa mkono na protini maalumu inayotoka tumboni. Bakteria wengi wanaoitengeneza wako mbele zaidi, kwenye utumbo mpana. Ni kama kiwanda kimejengwa baada ya kituo cha basi cha mwisho. Mzigo unatoka, gari limeshapita, unaishia chooni. Kwa hiyo binadamu ana kiwanda cha B12 ndani yake na bado anaweza kuugua kwa kuikosa.

Ng'ombe mwenzetu kajipanga vizuri. Kwake bakteria wako mwanzoni, kwenye lile tumbo kubwa la kwanza. Anakula majani, bakteria wanachukua madini ya kobalti yaliyomo wanatengeneza B12, halafu mzigo unapita kwenye utumbo wake wote. Ndiyo maana ipo kwenye nyama na maziwa. Sungura naye kiwanda chake kiko nyuma kama chetu, lakini yeye ana ufumbuzi wake: anakula aina ya choo chake laini kinachotoka usiku, mzigo unapita mara ya pili. (Hapo nilijua darasa litalipuka.) Sisi hatuna tumbo la ng'ombe na hatuna moyo wa sungura, kwa hiyo tunakula mboga, maziwa, mayai na dagaa. Na mboga ina kazi nyingine vilevile: zile nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya ndizo chakula cha hao bakteria. Ukila mnafu unakula wewe, na unawalisha wao.

Tatu. Biashara hii haiendi upande mmoja. Bakteria wanatupa vitamini, na vitamini nazo zinatusaidia kuishi nao kwa amani. Vitamini A kwa mfano, inahitajika ili ngozi ya ndani ya utumbo ijengeke na kujitengeneza, na askari wa mwili walioko pale wafanye kazi. Ikipungua, ukuta unalegea, maradhi yanaingia kirahisi. Mtoto akiharisha chakula kinapita bila kunyonywa, vitamini inapungua zaidi, ukuta unalegea zaidi. Duara hilo. Ndiyo maana serikali inatoa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, mwezi wa sita na wa kumi na mbili, kwa watoto wa kuanzia miezi sita hadi chini ya miaka mitano, pamoja na dawa ya minyoo kwa waliofikia umri wake.

Sasa tuje kwa mwanangu. Wadau, mkoa wetu wa Njombe una kitendawili kinachoniumiza. Viazi tunavyo, mahindi tunayo, maharage, parachichi zinasafirishwa kwenda Ulaya, maziwa, mboga za kila namna. Lakini utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni 30 kati ya kila 100. Iringa hapa nilipo ni zaidi hata yetu. Ghala la taifa, watoto wafupi! Watu huwa wanasema "ah, Wabena na Wahehe ni wafupi kwa asili". Na mie nilikuwa nasema hivyo hivyo. Lakini mtoto wa Mbena akilelewa vizuri anarefuka kama mwingine yeyote.

Sehemu ya maelezo iko tumboni. Mtoto anayetambaa penye kinyesi cha kuku, anayekunywa maji yasiyochemshwa, anameza vijidudu kila siku. Si lazima aharishe. Utumbo wake unavimba kidogo kidogo kimyakimya, vile vinyweleo vinavyonyonya chakula vinafupika, na ukuta unavuja. Mwili unatumia nguvu kupigana badala ya kukua. Unamimina vitamini juu, kumbe sakafu ina matobo.

Halafu nikakutana na utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, na nilipousoma nikahisi kama mtu kaniandika mimi. Ni wa Haydom, kwenye hospitali ya Kilutheri kule Mbulu, Manyara. Kuanzia mwaka 2017 waliandikisha watoto 1,188. Wazo lao lilikuwa hili: tuwape wengine vitamini B3, kwanza kupitia kwa mama anayenyonyesha kisha mtoto mwenyewe, wengine tuwape antibaiotiki na dawa ya vimelea kwa vipindi, wengine vyote kwa pamoja, na wengine dawa zisizo na kitu. Kisha tupime urefu wakifika miezi 18. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Waliopewa vitamini, waliopewa dawa za kuua vijidudu, waliopewa vyote, wote walikuwa na urefu uleule na wasiopewa kitu.

Nilisoma mara tatu. Vitamini ya chupa na dawa ya kuua vijidudu: si ndiyo dozi yangu mimi ile, kwa njia ya simu? Tofauti ni kwamba wenzangu walipima dozi na kufuatilia kila mtoto, mie nilikuwa natuma muamala tu. Na hata wao haikufua dafu.

Na kuna la Kenya pia. Kwale, mwaka 2015, watafiti walichapisha habari za watoto wachanga 115 waliowekewa unga wa virutubisho, wenye madini ya chuma au usio nayo, kwenye uji wa mahindi. Chuma kinahitajika, tusije tukakosea hapo, watoto wengi wamepungukiwa damu. Lakini chuma kingi hakinyonywi, kinashuka utumbo mpana, na kule wapo bakteria wabaya wanaokipenda sana. Watoto waliopata chuma walionekana kuwa na vijidudu vya ugonjwa vingi zaidi na utumbo uliovimba zaidi. Kwa hiyo ukipeleka kirutubisho tumboni, jua kuna wengine mezani.

Mtaniambia basi tujenge vyoo na kuchemsha maji, mambo yaishe. Na mie niliwaza hivyo. Lakini Kenya hiyo hiyo, Bungoma, Kakamega na Vihiga, walijaribu kwa akina mama wajawazito zaidi ya 8,000: maji yenye dawa, vyoo bora, kunawa mikono. Matokeo ya mwaka 2018 yalionesha kwamba hayo peke yake hayakuongeza urefu wa watoto. Walioongezeka, tena kidogo, ni wale ambao familia zao zilipata chakula cha nyongeza na ushauri wa kulisha. Nilikaa nikashika kichwa. Yaani hakuna sindano moja, hakuna chupa moja, hakuna choo kimoja.

Jumapili nilipomweleza bibi yetu habari hizi (bibi anakaa na dada, ana miaka karibu themanini na masikio ya mbwa mwindaji), akaguna. "Hayo si tuliambiwa zamani." Nikamuuliza lini. Akasema wakati ule wa mizani, siku ya kupima watoto kijijini, wanawake wanakaa mstarini, mtoto ananing'inizwa kama kiroba cha mahindi, halafu mnaulizwa: amekula nini, ameugua nini, nani anakaa naye ukienda shamba.

Nikaja kusoma kumbe bibi anazungumzia jambo kubwa. Ule ulikuwa mpango wa lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa WHO na UNICEF, vijiji 168 vya mkoa wa Iringa wa wakati ule. Njombe ilikuwa bado ndani ya Iringa, mkoa wetu umezaliwa mwaka 2012. Watoto walipimwa kila baada ya miezi mitatu na kijiji chenyewe kilikaa kujadili matokeo, na utapiamlo mkali ulipungua. Kutokana na uzoefu huo, mwaka 1990 UNICEF ikaieleza dunia kwamba utapiamlo una mizizi mitatu inayokwenda pamoja: chakula ndani ya nyumba, malezi ya mama na mtoto, na huduma za afya pamoja na usafi wa mazingira. Ukikata mmoja ukaacha miwili, mti haukauki. Somo hilo linafundishwa vyuo vikuu vya Ulaya. Bibi yangu alilisomea chini ya mti, na mjukuu wake amelipia ada asilijue!

Halafu bibi akauliza kitu kingine: "Na togwa mmeacha kumpa kwa nini?"

Kimya. Dada akaniangalia mimi. Mie ndiye niliyesema. Mwaka jana nilimwambia dada togwa ni mambo ya zamani, mpe mtoto juisi ya boksi. Jamani!

Kwa wasiojua, togwa si pombe. Bibi anapika uji wa mahindi, anauacha upoe mpaka uvuguvugu, anatia kimea cha ulezi, anafunika. Kimea kinaulainisha uji mzito ukawa wa kunyweka. Kisha bakteria wa maziwa, wale ndugu wa mtindi, wanaingia kazini usiku kucha na kuuchachusha. Ile tindikali ndiyo inayowafukuza vijidudu vibaya. Na hili si porojo za vijijini. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa togwa kwa watoto 151 wa chini ya miaka mitano. Kabla ya kuanza, watoto 27.6 kati ya kila 100 wa kundi la togwa walikutwa na vijidudu vya kuharisha kwenye vipimo vya choo. Baada ya siku saba za kunywa togwa walibaki 7.8. Siku kumi na nne baada ya kuacha, wakaanza kupanda tena hadi 12.7.

Msije mkanielewa vibaya. Togwa hairefushi mtoto, na sijasoma mahali popote panaposema hivyo. Uji ni uji, hauna mafuta ya kutosha wala nyama. Nafaka yenye ukungu ukiichachusha bado ni sumu. Na mtoto wa chini ya miezi sita ni ziwa la mama tu, hata togwa la. Ninachosema ni kwamba bibi alikuwa na bakteria wazuri kwenye mtungi, bure, na mie nikamwambia dada awamwage anunue sukari ya boksi.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, tukaenda kliniki, mie na dada na mtoto mgongoni. Muuguzi akampima. Uzito uko chini kidogo, urefu uko chini sana. Akatazama kadi, akauliza matone ya mwezi wa sita mbona hakupata. Dada akasema siku ile alikuwa shamba la viazi. Akapewa pale pale, na dawa ya minyoo. Kuhusu kuharisha muuguzi alisema maneno ambayo sitayasahau: "Kuharisha kwa kawaida ni maji yanatoka, kwa hiyo rudisha maji. ORS na zinki siku kumi mpaka kumi na nne, na endelea kumlisha na kumnyonyesha. Ukiona damu kwenye choo, au homa kali, au amelegea hanywi, mlete, usiende dukani." Hicho ndicho WHO inachosema tangu mwaka 2004. Kiboksi cha chini ya kitanda tulikikabidhi kwake. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama dawa nilizomwambia dada ampe ndizo zimemfanya mtoto hivi. Akaniangalia kwa huruma. Akasema hakuna anayeweza kukwambia hivyo kwa mtoto mmoja. Lakini dawa hizo zinaua wabaya na wazuri pamoja, na dozi nusu nusu inawafundisha wabaya kuzizoea. "Umejua sasa, basi."

Njiani dada hakunisema hata neno. Ningependa angenisema. Tulipokaribia nyumbani ndio akasema, "Mdogo wangu, mie nilikuwa nafikiri chupa ile ndiyo chakula. Nikishampa kijiko, najua leo kashiba vitamini, nakwenda shamba na roho nyeupe." Hapo ndipo nilipolia kidogo, nikajifanya vumbi.

Basi tukakaa kikao cha familia kama kile cha bibi cha mizani. Shemeji akajenga banda la kuku nje, wametoka jikoni (kuku wamegoma wiki nzima, wanarudi mlangoni kama wapangaji waliofukuzwa). Maji ya mtoto yanachemshwa. Pesa ya sirapu imekuwa pesa ya mayai, dagaa na maziwa. Parachichi ambazo zilikuwa zinaenda zote sokoni, mbili kwa wiki zinabaki. Bibi amerudi kwenye mtungi wake wa togwa, anatembea kifua mbele. Na dada akienda shamba, bibi ndiye anayelisha, si kijiko kimoja cha chupa asubuhi.

Na kijana wa sweta? Kipindi kilichofuata nilimwita mbele. Nikawaambia darasa kwamba nilicheka kwa sababu sikujua jibu, na kwamba si haki. Nikachora utumbo ubao mzima, nikachora kiwanda na kituo cha basi, ng'ombe na sungura. Kwenye sungura walilipuka kama nilivyotegemea. Kisha kijana akanyoosha tena mkono. "Madam, kwa hiyo kuwa navyo tumboni si kuwa navyo mwilini." Nikamwambia kaandike hivyo hivyo ubaoni. Akaandika. Sentensi hiyo ilikaa pale mpaka mwalimu wa Hisabati alipoifuta.

Nimeondoka nyumbani wiki iliyopita. Uzito wa mtoto umepanda kidogo, mstari kwenye kadi umeinama kuelekea juu. Urefu bado. Muuguzi alituambia ukweli, kwamba siku elfu moja za kwanza, tangu mimba mpaka miaka miwili, ndizo zenye nafasi kubwa, na sisi tumebakiwa na miezi michache ya mwisho. Dada ana mimba changa, aliniambia kituoni tukisubiri basi. Huyo tutaanza naye mapema.

Mtoto alikuwa kavaa ile suruali ya Krismasi. Nilimwangalia miguuni mpaka basi likaondoka. Nimemwambia dada asiikunjue, aniache mie mwenyewe Desemba nikija ndio nitazame.

Maharage yameiva, na naona matroni anapita koridoni. Naishia hapa. Tuonane panapo majaaliwa.